Mfuko wa Ndege Vichwa Chini

Mkasi wangu siazimishi mtu. Hata Nsimire, ambaye tulilala kitanda kimoja tulipokuwa wanafunzi wa ushonaji kwa masista, akitaka kukata kitambaa lazima aniletee mimi nikikate. Watu wa Bagira, mtaa wetu wa Bukavu, wananiita mchoyo. Waniite. Mkasi ukikata karatasi mara moja tu unaanza kutafuna kitambaa, na mimi siwezi kumpa mteja gauni lililotafunwa. Nalisema hili mwanzoni ili ijulikane kwamba kila kitu kilichokatwa kule Lwiro, siku zile tatu za Julai, kilikatwa na mkono wangu na si wa mtu mwingine.

Tuko marafiki wanne. Pascaline ni mwalimu mstaafu, na nyumba ya Lwiro ni yake, aliachiwa na baba yake: nyumba ya matofali mekundu yenye baraza refu, ambapo blanketi zima linaweza kutandikwa bila kukunjwa. Lucie anauza nguo kuukuu sokoni, na mdomo wake haujui kupumzika; watu kwake ni batu, na ndiye kwetu sote ni njo. Nsimire ndiye wa roho yangu. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Josué, kwa hiyo mjini kote anaitwa Mama Josué. Mimi peke yangu ndiye ninayemwita Nsimire. Mimi ni Adolphine, fundi wa kushona, na kuhusu hasira zangu mtaambiwa na wengine.

Kila kiangazi, shule zikishafungwa na kabla wateja hawajaanza kunisumbua kwa sare za Septemba, tunapanda Lwiro Ijumaa na kushuka Jumapili. Tunabeba vipande vya vitenge tulivyovikusanya mwaka mzima, tunaviunganisha, tunatia blanketi kuukuu katikati na shuka chini, halafu tunapitisha uzi safu zote tatu mpaka vidole vife ganzi. Tunakula, tunasengenya waume zetu, tunaimba nyimbo za kwaya kwa maneno ambayo padri hajawahi kuyasikia. Likimalizika, blanketi linakuwa la mmoja wetu. Hiyo ndiyo starehe yangu ya mwaka.

Sheria yetu ni moja, na ni ya Pascaline. Kipande cha nguo ya mtu aliye hai kinakaa katikati. Kipande cha marehemu kinashonwa ukingoni. Pascaline anasema waliokwenda ndio wanaotuzuilia upepo, na walio hai walale katikati wapate joto. Na hakuna kipande kinachoingia bila kutajwa mwenyewe. Blanketi langu mimi lina gauni la mama yangu upande wa miguuni, na tangu nilipate sijalala na baridi ya miguu.

Mwaka huu blanketi lilikuwa la Josué. Alikuwa aoe Desemba, msichana anaitwa Ornella, na ili apate mahari alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Mwenga. Mara ya mwisho alipiga simu siku ya Pasaka. Alimwambia mama yake kwamba amehamia shimo jingine, la chini zaidi, na kwamba wali wa kule ni mbichi. Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana. Miezi mitatu. Sote tulisema kule hakuna reseau, mtandao wa simu, na mimi ndiye niliyesema mara nyingi kuliko wote.

Kwa Pascaline pia reseau ni ya kuotea. Inashika mahali pamoja tu, nyuma ya nyumba, karibu na tangi la zamani la maji. Ijumaa ile, kabla hata ya kuweka mizigo chini, Nsimire alikwenda kusimama pale na simu mkononi. Alirudi akitabasamu.

"Haijashika. Labda kesho," akasema.

Hewa ilikuwa mbaya. Watu walikuwa wanachoma mashamba, na moshi ulikuwa umekaa juu ya vilima bila kwenda popote. Mlima Kahuzi, ambao kutoka barazani kwa Pascaline unauona mzima na mabega yake, haukuonekana siku zote tatu. Sokwe wa kile kituo cha Lwiro kinachotunza sokwe yatima walikuwa wanapiga kelele saa za chakula. Nimewasikia miaka tisa na huwa nawacheka, lakini Ijumaa ile mmoja alilia peke yake muda mrefu baada ya wengine kunyamaza, na Pascaline akaacha kumenya viazi, akasikiliza.

"Yule ana nini?" nikauliza.

"Sijue. Iko hivi tangu juma moja," akasema, akaendelea kumenya.

Tulipomwaga vipande barazani, Lucie alileta gunia. Kwa kawaida anakuja na vipande viwili vitatu vya heshima. Mara hii alikuja na gunia zima la nguo, mashati na vikwembe, ndivyo tunavyoviita vitenge, vimekunjwa vizuri.

"Hii ya nani?" Pascaline akauliza. Sauti ya ualimu haijamtoka hata leo.

"Ya batu, Mwalimu. Nguo inakuwaka ya nani? Iko ya batu."

"Batu gani?"

"Petit frère yangu, mudogo wangu Didier, njo ananitumiaka, kule kwenye banachimba. Beko bazima, usiogope! Njo bo benyewe banauzaka."

"Mu blanketi ya mutu mwenye anaenda kuoa, sipende nguo yenye haina jina."

Lucie akacheka, lakini hakumtazama usoni. Mimi nililiona hilo na nikaliacha lipite, kwa sababu vitambaa vilikuwa vizuri na vyangu vya mwaka huu vilikuwa vichache. Nsimire ndiye aliyemaliza ubishi.

"Wacha, Mwalimu," akasema. "Kama mwenyewe hajulikane, tutasema iko ya mutoto wa mutu."

Tukacheka, tukakubali. Miaka tisa hatukuwahi kuivunja sheria ile, na siku hiyo tuliivunja tukiwa tunacheka.

Jumamosi asubuhi kila mtu alishika kazi yake. Pascaline alipika maharagwe kwenye mbabula, jiko lake la makaa, pale pale mwisho wa baraza, ili asikose maneno. Nsimire na Lucie walikaa chini kwenye mkeka wakiunganisha. Mimi nilisimama kwenye meza na mkasi wangu, nikikata miraba ya shubiri moja. Nilitoa kitu cha kwanza kutoka kwenye gunia la Lucie, nikakata. Cha pili, nikakata. Cha tatu kilikuwa shati la kijani lenye korongo weupe.

Kitenge kile kiliuzwa sana mwaka jana, nusu ya Bukavu ilikivaa. Sikushtuka. Nililitandika shati mezani, nikalinyoosha kwa kiganja, ndipo nikaona mfuko wa kifuani. Kwenye shati zima korongo walikuwa wamesimama wima. Kwenye mfuko walikuwa vichwa chini.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu. Shati lile nililishona mimi. Josué alikuwa anaondoka kesho yake, umeme ulikuwa umekatika, nikakata mfuko kutoka kwenye kipande kilichobaki bila kuangalia ndege wanaelekea wapi. Mimi, mwenye kuwatukana mafundi wote wa Bagira kwa kosa hilo hilo! Sikuona mpaka kijana alipolivaa na kujitazama kwenye kioo changu.

"Tantine, ndege zako zinaanguka," akasema. Ndivyo alivyoniita, kama mama yake mdogo.

Uso wangu uliwaka. Nilitaka kuufumua pale pale. Akanishika mkono, anacheka. "Wacha hivi. Njo nitakuwa najua kama iko yangu. Sitaambia mutu, ata mama."

Na kulikuwa na jambo la pili. Nsimire alikuwa ameniletea medali ndogo ya Bikira Maria, akaniomba niifiche kwenye pindo la shati, upande wa kushoto, ili wenzake huko machimboni wasimcheke. Niliishona ndani kwa mishono miwili.

Nikapitisha kidole kwenye pindo la kushoto. Kitu kigumu, cha duara, kilikuwa pale.

Niliogopa. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Mtu anayeuza shati lake anapekua mifuko kwanza. Na kama shati lina medali ya mama yake, anakata uzi, anaitoa, halafu ndipo anauza. Nikajiambia ni mwizi. Mwizi aliiba shati, hakujua habari ya pindo, akaliuza. Nilimshikilia mwizi huyo mpaka mchana.

Nsimire alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, amenipa mgongo, anaimba. Ningeweza kulikunja shati na kulitia kwenye kapu langu. Nimejiuliza mara mia kwa nini sikufanya hivyo. Lakini Lucie alikuwa ameinua macho.

"Ile ya kijani iko muzuri!" akapaza sauti. "Kata, kata, tuone!"

Nsimire akaanza kugeuka. Nikakata.

Nilianza na kola, kwa sababu mama anaijua kola ya mwanawe. Halafu pindo. Halafu mstari wa vifungo. Nikachukua wembe, nikaufumua mfuko kwa haraka, nikauficha ndani ya sidiria yangu pamoja na medali. Mgongo ukatoa miraba minne, kifua minne, mikono miwili. Kumi. Kola, pindo na vifungo nilivifunga kwenye ngumi, nikaenda kwenye mbabula kama mtu anayekwenda kuchochea moto, nikavitia chini ya makaa.

"Nini inaungua?" Pascaline akauliza.

"Nyuzi," nikasema.

Niliporudi, Nsimire alikuwa ameshasimama mezani. Alikuwa ameshika mraba wa kijani kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyepewa andazi.

"Adolphine! Ona! Iko kikwembe moja na ile shati ya Josué!"

"Iliuzwa mingi, ile," nikasema. Sauti ilitoka vizuri. Nilishangaa ilivyotoka vizuri.

"Ni alama, weye! Miezi tatu Mungu ananyamaza, leo anatuma hii. Zote nitaweka katikati. Fasi ya kifua, imufunike hapa." Akajigusa kifuani.

Nilipaswa kusema wakati ule. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu Pasaka, na mimi nikasema moyoni, nani anajua, labda kweli ni mwizi. Nikamwacha achukue. Nikamtazama akiipanga miraba ile katikati ya blanketi, mahali pa walio hai.

Mchana nilimfuata Lucie alipokwenda kuchota maji tangini. Nikamshika kiwiko kwa nguvu zaidi ya nilivyokusudia.

"Didier anatoa wapi zile nguo?"

"Unaniumiza, Adolphine."

"Anatoa wapi?"

Akaweka ndoo chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Lucie alitafuta maneno.

"Kuko mama moja wa restora, anauzaka chakula, kule juu ya shimo," akasema. "Bachimbaji banaachaka kwake nguo ya muzuri mbele ya kushuka. Banashuka na marapurapu. Bakipanda, banaoga, banavaa nguo yao."

"Na mwenye hapande?"

Alikuwa anatazama maji.

"Nguo inamungojea. Myezi mbili. Yule mama haguse kitu, iko mutu wa Mungu. Myezi mbili ikipita, anamupa Didier. Sikupenda kusema kwa Mwalimu. Ni nguo tu, Adolphine, banaisafisha... Juu ya nini unauliza?"

"Nilitaka kujua," nikasema.

Lucie si mjinga. Alinitazama, halafu akatazama barazani, ambapo Nsimire alikuwa anaimba. Akaweka mkono mdomoni. Nikamwambia akisema neno moja nitamkata ulimi kwa mkasi wangu, na nadhani aliniamini. Tangu hapo hakufungua mdomo. Pascaline akamuuliza kama anaumwa.

Kwa hiyo mwizi wangu alikufa pale tangini. Shati lilikuwa limekaa limekunjwa kwenye meza ya mwanamke nisiyemjua, miezi miwili, likimngoja mwenyewe apande. Na mwenyewe hakupanda.

Tulikula maharagwe na bugali. Nsimire alikula vizuri. Alitusimulia jinsi Josué alipokuwa mdogo alivyokataa kuvaa shati la shule mpaka mama alivae kwanza, eti alipashe joto. Tulilisikia hilo mara nyingi, na kila mara tunacheka. Mara hii Pascaline peke yake alicheka. Mfuko ulikuwa unanichoma kifuani, na medali ilikuwa imegeuka na kunigusa kwa ncha yake. Niliapa kumwambia kesho, baada ya sala, kabla hatujashuka. Siku moja zaidi ya furaha, nikajiambia, ni zawadi. Uongo. Nilikuwa naogopa uso wake.

Alishona mchana kutwa. Alishona miraba tisa ya kijani, kwa mshono wake mdogo mdogo ambao masista walikuwa wanautolea mfano. Ilipofika saa kumi na mbili giza likaanza kuingia, akafunga sindano, akauweka mraba wa kumi juu ya kikapu.

"Huu njo nitafunga nao kesho," akasema. "Wa roho kabisa ya katikati."

Na mimi, fundi wa miaka thelathini, sikuutazama mraba ule. Ningeutazama ningeona. Sikuweza kutazama kitu chochote cha kijani.

Jumapili tuliamka kwenye moshi ule ule. Pascaline alisoma Injili barazani kwa sababu misa ya parokia ilikuwa mbali. Sokwe yule alianza kulia tena katikati ya Baba Yetu. Tukamaliza sala, Nsimire akaenda tangini na simu yake, akarudi, akatabasamu kidogo kuliko Ijumaa. Akakaa kwenye ngazi, mahali penye mwanga, akachukua mraba wa mwisho na kuulaza kwenye goti.

Nilikuwa nimeshapiga hatua kwenda kwake. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini kabla sijafungua mdomo, aliona kitu kwenye mraba ule.

Kila fundi anajua. Ukifumua mfuko kwenye nguo iliyovaliwa na kufuliwa, chini yake kitambaa hakijapauka. Panabaki umbo la mfuko, na rangi yake mpya, na matundu ya sindano yamelizunguka. Kwenye mraba ule wa kijani kilichofifia palikuwa na umbo la kijani kibichi, pembe tano, na ncha yake chini. Nilikuwa na haraka, nikauficha mfuko na kuliacha shimo lake wazi.

Nsimire aliupitisha ukucha pembeni mwa umbo lile, polepole, pembe zote tano. Akauinua kwenye mwanga, akatazama matundu. Pascaline alikuwa amesimama na Biblia mkononi, haelewi. Lucie aligeukia ukuta.

"Adolphine," Nsimire akasema. "Mufuko iko wapi?"

Nilitia mkono kifuani, nikautoa. Nikampa. Nikampa na medali.

Aliugeuza mfuko namna hii, akaugeuza namna ile, mpaka korongo wakasimama vichwa chini.

"Alinionesha siku ile ile," akasema. "Kabla ya kulala. Alisema, mama, tusiambie Tantine kama unajua, atakasirika. Tulicheka sana."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia. Niliongea kwa kukanyagana maneno: mama wa restora, nguo, miezi miwili, mwizi, nilitaka kukwambia jana, nilitaka kukwambia sasa. Alisikiliza yote. Alikuwa ameifunga medali kwenye ngumi.

"Shati ilikuwa muzima?" akauliza. "Wakati uliitoa mu gunia. Ilikuwa shati?"

"Ilikuwa muzima."

"Na uliikata."

"Nsimire..."

"Shimo iliangukia mwanangu. Hakuna mutu atamutoa kule. Shati ilitembea kutoka Mwenga, ikafika mpaka kwa mama yake, muzima, na medali yake. Na weye uliikata." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Sasa nitazika nini?"

Hakuna tusi ambalo nimewahi kutukanwa, na nimetukanwa na wateja wa kila aina, lililonifikia mahali pale. Pascaline aliweka Biblia chini, akaenda kumshika bega. Nsimire alilitoa bega lake bila hasira. Akauvuta uso wa blanketi mapajani, akaomba wembe. Nilimpa wangu.

Akafumua. Mshono kwa mshono, ule mshono mdogo mdogo, aliutoa wote aliokuwa ameushona jana. Miraba tisa. Alipomaliza, katikati ya blanketi palikuwa wazi, magoti yake yanaonekana. Akaipanga miraba mmoja juu ya mwingine, wa kumi juu kabisa, na mfuko juu ya wa kumi. Akaniwekea mikononi.

"Weye njo fundi," akasema. "Rudisha."

"Nsimire, haiwezekane."

"Rudisha shati ya mwanangu."

Nilikaa kwenye mkeka. Nilishona kwa mkono, kwa sababu sikustahili mashine. Nilikumbuka kila mraba ulitoka wapi: huu bega la kulia, huu kiuno. Niliunganisha mgongo, nikaunganisha kifua, nikatia mikono. Kola haikuwepo, ilikuwa majivu kwenye mbabula ya Pascaline, na vifungo pia. Hakuna aliyeniletea maji wala chakula, na sikutaka. Jua lilipita juu ya nyumba bila kuutoboa moshi.

Jambo ambalo watu wasioshona hawalijui ni kwamba mshono unakula. Kila mahali unapounganisha vitambaa viwili unapoteza nusu ya kidole huku na nusu ya kidole huku. Nguo ikikatwa vipande kumi na kurudishwa haiwi ile. Nililijua hilo tangu mraba wa pili, nikaendelea, nikipunguza pindo mpaka uzi ukawa unashika ukingoni kabisa, na bado liliendelea kupungua mikononi mwangu. Shati nililolishona kwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye mabega ya kubeba mawe, lilikuwa linakuwa dogo.

Ilipofika alasiri nilibakiza mfuko. Nikamwendea Nsimire, nikapiga magoti, nikalitandika shati mbele yake. Mfuko sikuukata, kwa hiyo ulikuwa na ukubwa wake ule ule wa zamani. Uliziba karibu upande mzima wa kifua.

"Niugeuze?" nikauliza. "Niweke ndege juu?"

"Hapana. Vile alikuwa anaijua."

Nikaushona vichwa chini. Alinyoosha mkono, akatia medali ndani ya mfuko yeye mwenyewe, nikafunga mdomo wa mfuko kwa mishono miwili. Akalichukua shati. Akalishika kwa mabega, akaliinua mbele yake, kama mama anavyopima nguo kwa mtoto aliyesimama. Mikono yake haikwenda juu sana. Ilisimama chini, kwenye urefu wa kiuno chake.

"Troisième primaire, mwaka ya tatu ya masomo," akasema. "Alikuwa hivi."

Halafu akavua blauzi yake, palepale barazani mbele yetu, akajaribu kuingiza mkono wake kwenye mkono wa lile shati, ili alipashe joto kwanza. Haukuingia.